Trela la boti likiyumba nyuma ya pikapu

Trela likianza kucheza kushoto na kulia, usikanyage breki kwa nguvu, wala usiongeze mwendo ukidhani litanyooka. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ubaki sawa, usijaribu kulifukuzia. Mwendo ukishuka litatulia. Kisha egesha ukague, maana mara nyingi chanzo ni mzigo.

Boti ya faiba imebeba mashine tezi, yaani nyuma, kwa hiyo uzito huangukia nyuma ya ekseli na kulinyanyua trela mbele. Kichwa cha trela, yaani pale linapoungwa na gari, kinatakiwa kililalie gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote: trela na boti zikiwa kilo 1,000, ni kilo 100 mpaka 150. Weka mizani ya magunia chini ya kichwa hicho, trela likiwa usawa wa kuvutwa. Ikipungua, hamishia nanga, nyavu na madumu ya petroli omo, yaani mbele ya boti, kumba maji yote ya ngama (yaliyotuama chini ndani ya boti), au sogeza boti mbele pamoja na nguzo ya winchi, ukaze mikanda upya. Usizidishe: pikapu ikikaa kitako, matairi ya mbele hayashiki vizuri.

Upepo wa matairi upime asubuhi, yakiwa baridi, kabla ya kutoka Mjini Zanzibar kwenda Nungwi.