XT600 ya zamani ukiwa Tanga: ugonjwa kwanza, spea baadaye

Ukiingia duka la spea Ngamiani ukasema unataka kitu cha Yamaha XT600, jibu litakuwa "haipo, bosi", na kwa mtazamo wa muuzaji ni jibu sahihi. Rafu zake zimejaa Boxer, TVS na pikipiki za Kichina za ukoo wa Honda CG125. Hakuna mtu atakayefunga mtaji wake kwenye gasketi ya injini ya 595 cc.

Ila vitu vingi vinavyoilaza pikipiki hii si vya Yamaha peke yake. Beringi, sili, plagi, balbu na o-ringi vinauzwa kwa namba, na namba hiyo imeandikwa kwenye kifaa chenyewe. Kwa hiyo usitaje pikipiki. Sema "naomba beringi 6203 mbili, zenye raba pande zote", uone kama hazitoki chini ya kaunta.

Jua pikipiki yako ni ipi

Kadi mara nyingi imeandikwa "Yamaha XT" basi. Soma namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na kwenye ganda la injini. Herufi tatu za mwanzo ndizo modeli: 34L ni XT600 Ténéré iliyoanza 1983, 43F ni XT600 ya 1984, 3TB ni XT600E ya 1990, ile yenye stata. Wengi huku wana 3TB, na vipimo vya hapa chini ni vya hiyo.

Namba ya spea ya Yamaha nayo ina mpangilio. Tatu za mwanzo ni modeli ambayo kifaa kilichorwa kwa ajili yake mara ya kwanza, tano za katikati ni aina ya kifaa (13440 ni filta ya oili popote uionapo), na mbili za mwisho ni toleo. Ndiyo maana pikipiki ya 3TB inaweza kuwa na kifaa chenye herufi za modeli nyingine kabisa, na hujatapeliwa. Namba ikianza na 93, mara nyingi ni beringi, sili au o-ringi. Hiyo usiagize Ulaya kabla hujapita duka la beringi.

Haiwaki: cheche

Anza na vitu vya bure. Swichi nyekundu ya kuzimia, kisha swichi ya stendi ya pembeni. Dalili ya stendi haijifichi: inawaka ikiwa nyutro, ukiingiza gia inazima. Mji huu uko kando ya bahari, na pikipiki inayolala nje Raskazone hupata kutu ya kijani kwenye viunganishi vya waya mapema kuliko unavyodhani. Vichomoe kimoja kimoja, visugue kwa brashi ya meno na petroli, acha vikauke, paka grisi kidogo, rudisha. Kazi ya saa moja hii huponya "CDI mbovu" (CDI ni kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche) nyingi ambazo hazikuwa mbovu.

Kisha plagi. Itoe, ivishe kofia yake, gusisha chuma chake kwenye kichwa cha silinda, mbali na tundu linalotoa mvuke wa petroli, na upige stata. Cheche iwe ya bluu, yenye mlio. Usizungushe injini kofia ikiwa hewani bila plagi: umeme ukikosa njia ya kushuka, utaitafuta ndani ya koili au CDI. Cheche ikiwa ya njano na dhaifu, fungua kofia kwenye waya (imefungwa kwa hesi), kata milimita 5 za ncha iliyooza, rudisha.

Plagi sahihi ni NGK DPR8EA-9, mwanya milimita 0.8 hadi 0.9. Ukikwama, hapa ndipo bodaboda inapokuokoa: D8EA ya CG125, au D8TC ya Kichina, ina hesi ile ile ya milimita 12 na urefu ule ule wa milimita 19. Rekebisha mwanya, funga, nenda nyumbani. Isiwe ya kudumu, maana ncha yake haichomozi (ndiyo maana ya P kwenye DPR8EA) na haina kizuizi cha umeme (ndiyo maana ya R).

Haiwaki, au inazima njiani: mafuta

Fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga kwa chupa nyeupe, iache itulie. Maji yatakaa chini kama shanga. Ukiona vumbi jekundu, tangi lina kutu, na kusafisha kabureta bila kulisafisha tangi ni kujitafutia kazi ya kila wiki.

Ikienda kilomita kadhaa ikazima, ukipumzika ikawaka tena, fungua kifuniko cha tangi ilipozima. Ukisikia "fyuu", tundu la hewa la kifuniko limeziba.

Kabureta ya XT600 ni mbili zilizounganishwa. Ya kwanza inavutwa na waya wa akselereta, ya pili inajifungua yenyewe kwa mvuto wa hewa kupitia utando wa raba. Hivyo dalili hugawanyika vizuri. Ikikataa sailensa (kuunguruma taratibu bila kuguswa akselereta), jeti ndogo ya ile ya kwanza imeziba. Ikienda vizuri mpaka nusu ya akselereta kisha ikakosa nguvu, toa utando wa ile ya pili, unyooshe taratibu mbele ya mwanga na utafute tundu.

Kati ya kabureta na injini kuna mipira miwili, nayo hupasuka kwa uzee. Sailensa hupanda na kushuka, na ukiachia akselereta ekzosi inapiga risasi. Ikiwa inaunguruma, nyunyizia maji kidogo kwenye mipira hiyo. Mlio ukibadilika, umepata. Usizibe kwa silikoni, petroli huilainisha. Agiza mipya.

Tapeti

Ikiwaka vizuri asubuhi na ikikusumbua ikiwa moto, shuku tapeti zilizobana. Injini iwe imepoa kabisa, yaani imelala usiku mzima. Toa plagi, zungusha mpaka alama ya T ionekane kwenye kidirisha cha ganda la kushoto, kisha shika mikono ya tapeti: yote minne icheze kidogo. Isipocheza uko kwenye mzunguko usio wa mbano, zungusha mara moja zaidi. Mwanya wa vali za kuingiza ni milimita 0.05 hadi 0.10, za kutoa 0.12 hadi 0.17. Fila (bapa jembamba la kupimia mwanya) ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukishakaza nati, pima tena, kwa sababu skrubu huzunguka pamoja na nati na fundi mwenye haraka haoni.

Kwenye modeli za kiki, angalia pia waya unaofungua vali ya kutoa unapopiga kiki. Ukikazwa mno, vali haifungi sawasawa, mbano unapotea, na watu huanza kuzungumzia ringi za pistoni.

Oili: hapa ndipo injini nyingi hufa

Oili ya XT600E haikai chini ya injini, inakaa ndani ya fremu. Pikipiki ikilala siku kadhaa, oili huteremka polepole injinini na kijiti kinaonyesha pungufu. Mwenye nayo anaongeza. Akiwasha, pampu inairudisha yote juu, inafurika, inatokea kwenye eya klina, na fundi anasema pistoni imekwisha.

Pima hivi: iendeshe mpaka ipate moto, zima, subiri dakika mbili tatu, isimamishe wima. Chomoa kijiti, futa, kirudishe bila kukifunga hesi, soma. Kumwaga kuna boliti mbili, moja ya fremu na moja ya injini, na ukisahau moja umebadilisha nusu. Inaingia karibu lita 2.7. Kwa joto la pwani 20W-50 inafaa, mradi kopo liandikwe JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Oili ya gari inayojisifu kupunguza matumizi ya mafuta huifanya klachi iteleze. Wosha mpya za shaba za boliti hizo zikikosekana, chukua za zamani, zichome moto mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize majini. Zitalainika na kuziba tena.

Kosa la kuua ni o-ringi ndogo ya mfuniko wa filta kuachwa mezani, au filta kuwekwa kinyume. Kwa hiyo baada ya kila badiliko, legeza kidogo boliti ya bomba la oili pale linapoingia kwenye kichwa cha silinda, washa, acha sailensa. Oili ichuruzike. Isipotoka ndani ya dakika moja, zima mara moja, fungua filta.

Nini hapa, nini mbali

Tanga mjini utapata beringi, sili (soma tundu, kipenyo cha nje, unene, kwa mfuatano huo), o-ringi, na balbu ya mbele, ambayo ni H4 60/55W ileile ya magari. Waya wa klachi fundi anaweza kutengeneza kwa waya wa bodaboda, akichomelea kichwa kwa risasi.

Cheni hapana. Bodaboda hutumia 428, XT inataka 520, na hata pini haziingiliani. Itafute Kariakoo au Gerezani, Dar, itumwe kwa basi. Sproketi ni meno 15 mbele na 45 nyuma. Ya mbele iwe na unene wa kitovu ule wa asili. Nyembamba hucheza, na mchezo huo hula meno ya shafti ya gia. Kuitoa shafti hiyo ni kupasua injini nzima. Ukiipasua kwa sababu yoyote, kagua gia ya tano, ni dhaifu kwenye injini za XT600 za mwanzo.

Gasketi, mipira ya kabureta, utando na filta za oili ziagize Ulaya kwa kifurushi kimoja, maana usafiri na ushuru wa vifurushi vitatu vidogo unaweza kuzidi bei ya vitu vyenyewe. Weka filta nne na o-ringi zake. Kabla ya kulipa, mtumie muuzaji picha mbili: namba ya fremu, na kifaa cha zamani kikiwa kimelazwa kando ya rula.