Kuchagua hita ya maji ya nyumbani jijini Nairobi, na fundi wa kuifunga

Baridi ya Nairobi huanza Juni na kukaza Julai, wakati mawingu yanapotanda kutwa nzima na maji yaliyolala kwenye tangi la paani hutoka mferejini yakiuma vidole. Ndipo watu hukimbilia madukani kununua hita, na ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu mnunuzi huangalia sanduku na bei kabla hajaangalia mambo mawili yatakayoamua kama kifaa hicho kitadumu: maji yanayoingia nyumbani kwake na waya unaotoka kwenye mita yake. Ushauri wangu ni kuanza na hayo mawili, kisha umtafute fundi, na hita yenyewe uinunue mwisho kabisa.

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini katika kaunti ya Murang'a, nayo ni maji laini yasiyosumbua hita. Lakini mitaa mingi huyapata kwa zamu, na pengo linalobaki hujazwa na kisima kirefu cha ploti au na boza la maji. Maji ya visima mara nyingi yana chumvi na madini, na hapo ndipo shawa ya umeme ya kawaida inapogeuka kuwa hatari. Katika shawa nyingi za bei nafuu koili ya kupasha maji haina kifuniko, yaani maji hupita moja kwa moja juu ya waya wenye umeme. Maji laini hupitisha umeme kidogo mno, ilhali ya chumvi huupitisha vizuri zaidi, na anayeoga huanza kuhisi mkono ukitetemeka kila agusapo koki. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, ambazo koili yake imefungiwa ndani ya mrija wa chuma, na sanduku lake huandikwa hivyo. Ikiwa nyumba yako hupokea maji ya aina zote mbili, chagua inayofaa maji mabaya zaidi kati ya hayo. Na ukitaka kujua ukweli kuhusu maji ya ploti, muulize anayeitunza na kufungua valvu za tangi kila asubuhi, kwani mwenye nyumba huenda hajui ni siku gani kisima huwashwa.

Kuhusu waya, hesabu yake ni nyepesi na kila mwenye nyumba anapaswa kuifahamu. Shawa ya kilowati 5.5 kwenye umeme wetu wa volti 240 huvuta takriban ampea 23. Waya wa taa wa milimita mraba 1.5 haukuundwa kubeba mzigo huo kamwe, na hata ule wa soketi wa milimita mraba 2.5 haufai. Shawa hiyo inahitaji waya wake pekee kutoka kwenye boksi ya umeme, wa milimita mraba 6, wenye breka yake ya ampea 32 (swichi inayojikata mzigo ukizidi), swichi inayokata nyaya zote mbili ikiwa nje ya mlango wa bafu, waya wa ardhini uliounganishwa kikweli, na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa kiasi cha miliampea 30.

Nasisitiza hili kwa sababu limenipata. Nilipohamia nyumba ya kupanga mtaani Umoja, fundi niliyeelekezwa kwake alifunga shawa kwa muda usiofika saa moja, akapokea pesa zake akaenda. Wiki tatu baadaye palizuka harufu kama ya samaki aliyeoza karibu na mlango wa bafu, na nikapekua jikoni kote bila kuona kitu. Kumbe ni swichi. Kifuniko chake cheupe kilikuwa kimepata duara la rangi ya kahawia, na nilipokifungua baada ya kuzima umeme wote wa nyumba, nilikuta plastiki ya waya imeyeyuka ikagandamana na shaba iliyogeuka nyeusi. Alikuwa amechukua umeme kwenye waya wa taa ya bafuni. Harufu hiyo ya samaki ikikujia nyumbani, zima umeme kwanza, mambo mengine yafuate.

Ukishayajua maji na waya wako, uchaguzi wa aina ya hita hauchukui muda mrefu. Kwa mpangaji wa chumba kimoja au viwili, shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo ndiyo inayofaa, mradi mwenye nyumba akubali kwa maandishi waya mpya uvutwe. Kilowati 5.5 huweza kupandisha joto la lita tatu za maji kwa dakika kwa nyuzi 26 hivi, kwa hiyo maji ya nyuzi 16 ya asubuhi ya Julai hufika 42, mradi usifungue koki sana. Anayelalamika kwamba shawa yake haipashi maji mara nyingi ameyaachilia yapite kwa kasi. Kuoga kwa dakika kumi hula karibu yuniti moja ya umeme, na familia ya watu wanne wanaooga hivyo kila siku itatumia takriban yuniti 110 kwa mwezi.

Hita ya tangi ya lita 50 huhitaji karibu yuniti mbili na nusu kuyapandisha maji kutoka nyuzi 18 hadi 60, na yakichanganywa na ya baridi hutoa kama lita 95 za kuogea. Faida yake ni kwamba koili ya kilowati 1.5 haiuelemei waya. Usilishushe joto la tangi chini ya nyuzi 60, kwa kuwa bakteria wa Legionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi katika maji ya vuguvugu. Hita ya gesi ni nafuu kuendesha, lakini sitamshauri mtu yeyote aifunge ndani ya bafu. Moto wake unapokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na mtu huanguka kabla hajatambua kinachomtokea. Mahali pake ni ukuta wa nje au roshani iliyo wazi.

Kwa anayemiliki nyumba yake, hita ya jua ndiyo ningeichagua mimi bila kusita, hata kama gharama ya mwanzo ni kubwa. Nairobi iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo paneli ielekezwe kaskazini ili ipate jua la miezi ya baridi, na iinamishwe kidogo ili maji ya moto yapande yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu yake. Kwa maji ya kisima ulizia aina ambayo maji ya kuoga hayapiti ndani ya paneli, kwani chokaa huziba mirija yake mapema. Tangi la lita 200 likijaa lina uzito wa kilo 200 za maji pekee, na mbao za paa la mabati hazikukadiriwa kwa mzigo huo. Seremala apande azikague kabla hujalipa chochote. Hakikisha pia kuna koili ya umeme ya akiba kwa siku zile za Julai ambazo jua halionekani, na iwe na swichi yake ili isile umeme mwaka mzima bila wewe kujua.

Sasa fundi, ambaye kwangu ana uzito kuliko kifaa chenyewe. Kazi ya umeme inatakiwa kufanywa na mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini. Mwombe namba ya leseni na uihakikishe kwa mamlaka yenyewe, kwa maana picha iliyomo kwenye simu yake haitoshi. Fundi wa mabomba naye aonyeshe cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda. Mara nyingi mtu mmoja hudai kuziweza kazi zote mbili, na huenda ni kweli, lakini aonyeshe karatasi zote mbili.

Karatasi hata hivyo haziwezi kukuambia kila kitu. Mimi humpima fundi kwa maswali anayouliza. Yule anayejua kazi yake hatataja bei kwenye simu. Atataka kwanza kuiona mita, boksi ya umeme, urefu kutoka tangi la paani hadi bafuni, na atauliza maji yanatoka wapi. Anayekutajia bei kabla hajafika anakuuzia bahati nasibu. Mwombe akupeleke kwenye nyumba ambayo hita aliyoifunga imeshapita angalau Julai moja, uzungumze na wenyeji akiwa hayupo.

Makisio yake yaandikwe, na kila kitu kiwe na mstari wake: ukubwa wa waya na mita zake, ampea za breka, mabomba ya PPR (plastiki inayostahimili joto) kwa upande wa maji ya moto, valvu ya kuachia presha inapozidi kwa hita ya tangi, na ufundi. Nenda naye dukani, ulipe mwenyewe kwa namba ya duka ili rekodi ibaki kwenye simu yako, na usome ukubwa uliochapwa kwenye ngozi ya waya kabla haujakatwa. Angalia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenye hita na kwenye waya, na namba iliyo chini yake uihakiki. Pesa za ufundi zitoe kwa awamu mbili, sehemu kubwa ikisubiri majaribio.

Majaribio hayo yafanyike mbele yako. Maji yatiririke kwanza hadi hewa yote itoke, ndipo umeme uwashwe, kwani koili ikiwashwa ikiwa kavu huungua mara moja. Kisha fundi abonyeze kitufe cha jaribio kwenye kifaa cha umeme unaovuja, nacho kikate papo hapo. Acha shawa ifanye kazi dakika kumi mfululizo, halafu, ukiwa na mikono mikavu, weka kiganja juu ya kifuniko cha swichi na cha breka. Uvuguvugu kidogo hauna neno. Kikiwa cha moto, kazi haijaisha na salio lisitoke. Kwa hita ya tangi, mrija wa valvu ya presha uelekee nje au kwenye shimo la maji, usielekee anaposimama mtu. Mwisho fundi aandike tarehe, ukubwa wa waya na namba yake ya simu kwenye karatasi ya dhamana, uiweke pamoja na risiti katika bahasha moja karibu na mita, na mwezi wa Mei kila mwaka umwite arudi kukaza skrubu za swichi na breka.