Mpangaji wa nyumba ya kaunsili England: jinsi ya kuufikia uamuzi kabla haujapita

Kazi yangu ni kushirikisha wapangaji. Ninalipwa na mwenye nyumba, shirika lenye maelfu ya nyumba za kodi nafuu, kwa hiyo ninachoandika hapa ni namna mambo yanavyokwenda yakitazamwa kutoka ndani ya ofisi. Nawaandikia Waswahili wenzangu wanaoishi kwenye nyumba hizi London, Leicester, Manchester na kwingineko, wanaoletewa barua za "tunataka maoni yako" na kuzitupa pamoja na karatasi za matangazo ya piza.

Siwalaumu. Barua nyingi kati ya hizo hufika mkataba ukiwa umeshasainiwa. Mtu anaulizwa achague rangi ya mlango, bluu au kijani, wakati mambo yenyewe hasa yalishapita miezi kadhaa nyuma: mlango wa aina gani, mkandarasi nani, dhamana ya miaka mingapi, na nani atakuja kitasa kikigoma usiku. Ukitaka kushirikishwa kweli, uwahi uamuzi ukiwa bado mbichi. Hatua zote hapa chini zinalenga hilo.

Ninachoeleza ni cha England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao.

Hatua ya 1: Jua mwenye nyumba wako ni nani hasa

Mtu anasema "nakaa nyumba ya kaunsili", kumbe kaunsili, yaani halmashauri ya eneo, ilishaikabidhi kwa shirika la nyumba zamani. Angalia mkataba wako au taarifa ya kodi, jina liko juu. Tofauti hiyo ina uzito. Kaunsili inabanwa na Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000: unaandika barua pepe kuomba taarifa, nao wanatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Mashirika ya nyumba hayamo kwenye sheria hiyo. Tena, wapangaji wengi wa kaunsili wanalindwa na kifungu cha 105 cha Sheria ya Nyumba ya 1985, kinachoilazimisha kaunsili iwaulize kabla ya kubadilisha kwa kiasi kikubwa namna nyumba zao zinavyosimamiwa. Kiwango cha kodi hakimo humo, kwa hiyo usikitaje kifungu hicho ukigombania kodi.

Na hapa niseme jambo ambalo nalisikia kwa watu wetu kila mara, kwa sauti ya chini, wakiwa mlangoni: "Nikisema sana si watanitoa?" Kukutoa kwenye nyumba kunapitia mahakamani, na mpangaji mwenye mkataba kamili hutolewa kwa sababu zilizotajwa na sheria. Kulalamika si mojawapo. Aliye bado kwenye mwaka wa majaribio ana ulinzi mdogo zaidi. Kama unaye kama huyo kwenye kundi lenu, barua isitoke kwa jina lake peke yake, itoke kwa jina la kikundi.

Hatua ya 2: Soma karatasi zao

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower, magharibi mwa London, liliungua na watu 72 wakapoteza maisha. Wakazi walikuwa wameshaonya juu ya usalama wa moto, kwa maandishi. Shirika lililosimamia jengo lile liliundwa kwa jina la wapangaji, na bodi yake ilikuwa na wakazi waliochaguliwa. Likumbuke hilo mtu akikuambia kwamba mnashirikishwa kwa sababu yuko mpangaji mmoja kwenye bodi.

Kutokana na msiba ule ilipitishwa Sheria ya Udhibiti wa Nyumba za Jamii (ndizo hizi za kodi nafuu) ya 2023, na tangu tarehe 1 Aprili 2024 kila mwenye nyumba wa aina hii anapimwa kwa viwango vinne. Kimoja kinahusu uwazi, ushawishi na uwajibikaji. Kinamtaka awape wapangaji nafasi za maana za kushawishi maamuzi na kumkagua, kisha awaeleze maoni yao yalitumikaje. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo silaha yako.

Ingia kwenye tovuti ya mwenye nyumba wako utafute vitu viwili. Cha kwanza ni matokeo ya vipimo vya kuridhika kwa wapangaji. Viko 22: 12 vinatokana na kuwauliza wapangaji wenyewe, 10 vinatokana na rekodi za ofisi. Tazama kile kinachouliza kama mwenye nyumba anawasikiliza wapangaji na kuchukua hatua, kisha kile cha malalamiko. Mwaka wa kwanza wa takwimu hizi, 2023/24, walioridhika na namna malalamiko yao yalivyoshughulikiwa walikuwa karibu theluthi moja tu, ukiwapanga wenye nyumba wote wa nchi kwa matokeo na kumchukua wa katikati. Cha pili ni daraja alilopewa na Mdhibiti wa Nyumba za Jamii, chombo kinachowakagua wenye nyumba hawa, kuanzia C1 mpaka C4. C1 ni nzuri. C3 na C4 maana yake kuna kasoro kubwa, na mwenye nyumba wa daraja hilo ana haraka ya kuonekana anarekebisha. Huo ndio wakati wa kupiga hodi.

Hatua ya 3: Chagua jambo moja, ulifuatilie kwa maandishi

Kikundi kinachokuja na takataka, maegesho, kodi, kelele, panya na lifti kwa kikao kimoja kinatoka na ahadi sita na majibu sifuri. Najua, maana mimi ndiye ninayeziandika hizo ahadi. Chagueni moja. Lenye nguvu ni lile linalowagusa wengi, linalojirudia, na ambalo mkataba wake unakaribia kwisha.

Tuseme ni lifti. Fungueni daftari, au kundi la WhatsApp la kazi hiyo tu (salamu, dua na video za harusi ziende kwenye kundi jingine), na kila ikiharibika aliyeiona aandike hivi:

*Jumanne tarehe 4. Lifti ya kushoto. Imekwama ghorofa ya 6. Imeripotiwa 07:40, namba ya ripoti imetolewa. Fundi amefika 15:10. Imefanya kazi 16:00. Mama wa ghorofa ya 9 mwenye kiti cha magurudumu amekosa miadi ya hospitali.*

Ukiangalia, hapo pana nyakati tatu tofauti na mtu mmoja aliyeumia. Hiyo yatosha. Na saa ziandikeni kwa tarakimu za kizungu, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Kwenye makundi ya watu wetu mmoja anaandika "saa mbili" akimaanisha asubuhi, mwingine anaitafsiri kama ilivyo, na ofisini inasomeka saa nane mchana. Msimamizi wa mkataba akikuta saa moja tu haioani na rekodi ya fundi, atalitilia shaka daftari zima.

Miezi mitatu ya kumbukumbu za namna hii inatosha kwa kikao cha kwanza. Hata sisi ofisini mara nyingi hatuna picha safi hivyo, kwa sababu mkandarasi anahesabu tangu alipopokea simu yeye, wakati mpangaji anahesabu tangu alipoanza kupanda ngazi.

Hatua ya 4: Kusanya watu

Hapa sitawafundisha sana. Mtu aliyewahi kuendesha kikundi cha kuzikana, chama cha kuweka na kukopa au kamati ya harusi anajua kazi hii kuliko maofisa wengi ninaofanya nao kazi. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, katiba ya ukurasa mmoja, akidi, muhtasari wa kikao. Mwenye nyumba anapoamua kukitambua kikundi huangalia mambo manne: kina katiba, kipo wazi kwa wapangaji wote wa eneo, viongozi wamechaguliwa, na fedha zina hesabu. La pili ndilo linalotukwamisha. Kikundi cha Waswahili watupu kwenye jengo lenye Wasomali, Wapoland na wazee wa Kiingereza hakitatambuliwa, na hakistahili. Gongeni milango yote.

Orodha ya majina ya wapangaji hatuwezi kuwapa, sheria ya kulinda taarifa za watu inakataza. Ila mnaweza kuomba ofisi isambaze mwaliko wenu kwa gharama yake. Ombeni pia ukumbi, mkalimani na nauli. Kama kuna kadi ya zawadi au posho ya kuhudhuria na unapokea Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), uliza kwa maandishi kwanza kama itahesabiwa kuwa kipato.

Hatua ya 5: Kikaoni, uliza maswali haya

Afisa atakuja na slaidi. Mwache amalize, kisha uliza:

Uamuzi huu uko hatua gani: bado unafikiriwa, umeshapendekezwa, au umeshapitishwa? Nani anaupitisha, na tarehe gani? Kitu gani ndani yake bado kinaweza kubadilika kwa maoni yetu? Mtatujibu kwa maandishi lini mkieleza mlichokubali, mlichokataa na kwa nini?

Akijibu kwamba umeshapitishwa, mshukuru kwa ukweli wake, msipoteze jioni kujadili rangi. Ulizeni mkataba unaofuata unaisha lini. Mikataba ya matengenezo, usafi na lifti ina tarehe ya mwisho, na maandalizi ya zabuni huanza miezi mingi kabla. Ombeni wapangaji wawili wakae kwenye jopo la kupima zabuni na waandike swali moja ambalo kila mkandarasi lazima alijibu kwa alama. Swali kama "Ukishindwa kuja siku ya miadi, mpangaji atajuaje, na kabla ya saa ngapi?" Likishaingia kwenye zabuni linaingia kwenye mkataba, na likiwa kwenye mkataba hata afisa mpya atakayekuja mwakani ataliona.

Msiondoke bila muhtasari. Asipoandika afisa, katibu wenu aandike, amtumie kesho yake na maneno haya: "Hivi ndivyo tulivyoelewa. Kama kuna kosa tujulishe." Kimya kitawasaidia baadaye.

Hatua ya 6: Angalia kiti unachopewa

Mkifanya vizuri mtaanza kualikwa. Kiti kwenye bodi kina heshima, lakini anayekikalia anabeba wajibu wa kisheria kwa shirika, siri za vikao na yote. Hawezi kurudi kwenu na kusimulia. Kwa maoni yangu jopo la ukaguzi la wapangaji ni bora zaidi: linachagua huduma moja, linaomba takwimu, linaongea na mafundi na wafanyakazi wa simu, linaandika mapendekezo, na bodi inayajibu moja baada ya jingine. Faida nyingine ni kwamba wakaguzi wa Mdhibiti wakija, nao huja angalau mara moja kila miaka minne kwa wenye nyumba 1,000 na zaidi, wanapenda kuongea na watu hao.

Hatua ya 7: Majengo marefu na kubomoa

Kama jengo lenu lina ghorofa saba au zaidi, au urefu wa mita 18, Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022 inamtaka msimamizi awe na mkakati wa maandishi wa kuwashirikisha wakazi katika usalama. Muombeni nakala. Asiyekuwa nao ana tatizo, si nyie.

Mkisikia neno "kuendeleza upya" eneo lenu na mko London, tulieni msome. Tangu Julai 2018, mradi unaotaka fedha za Meya wa London, unaobomoa nyumba za jamii na kujenga 150 au zaidi, kwa kawaida lazima upigiwe kura na wakazi. Kabla ya kura kuna hati ya ahadi: utarudi au hutarudi, kodi itakuwa kiasi gani, vyumba vingapi, utahamishiwa wapi ujenzi ukiendelea. Mabadiliko yaombwe hati ikiwa rasimu, kwa sababu siku ya kura ni ndiyo au hapana tu.

Hatua ya 8: Wakikaa kimya

Ombi la matengenezo na malalamiko ni vitu viwili. Ukipiga simu kwamba boila imekufa, hilo ni ombi. Ukiandika kwamba uliripoti na hakuja mtu, hayo ni malalamiko, na saa inaanza kuhesabu: siku 5 za kazi kukiri kuyapokea, kisha siku 10 za kazi kujibu hatua ya kwanza. Usiporidhika unapanda hatua ya pili, ambayo jibu lake ni ndani ya siku 20 za kazi baada ya kukiri.

Ukungu na unyevu vina utaratibu wake, kutokana na kifo cha mtoto Awaab Ishak huko Rochdale mwaka 2020, akiwa na miaka miwili. Tangu tarehe 27 Oktoba 2025 hatari ya dharura inatakiwa kushughulikiwa ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu wenye hatari kubwa unachunguzwa ndani ya siku 10 za kazi, unapewa matokeo kwa maandishi ndani ya siku 3 za kazi, na hatari inaondolewa ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi. Piga picha ukutani ukiweka rula pembeni, na usikubali kufuta ukungu kwa kemikali kabla mkaguzi hajauona.

Ukimaliza hatua mbili za malalamiko, nenda moja kwa moja kwa Ombudsman wa Nyumba, mwamuzi huru wa malalamiko ya wapangaji. Ni bure, hupitii tena kwa mbunge wala diwani, na una miezi 12 tangu jibu la mwisho. Yeye anaangalia kesi yako. Mdhibiti haangalii kesi ya mtu mmoja, anatafuta kasoro ya mfumo mzima, kwa hiyo huko lile daftari la lifti ndilo la kutuma, pamoja na mihtasari ya vikao na barua zote ambazo hazikujibiwa, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.