Jinsi ya kumpa mtoto jina lisilozoeleka bila kumwachia mzigo

Kabla ya siku ya saba, ambapo wengi wetu hapa Tanga huchinja akika, litoe jina ulilolichagua nje ya chumba cha mzazi ukalipime vinywani mwa watu. Usilipime kwa wifi aliyesoma, kwa kuwa atajitahidi kulitamka sawasawa ili akufurahishe. Liandike kwenye karatasi, umwonyeshe kijana wa bodaboda pale Ngamiani, kisha umtamkie bibi wa jirani alirudie, na wote wawili uwasikilize bila kuwasahihisha, kwani wanachokitamka mara ya kwanza ndicho mtoto atakachoitwa mtaani.

Sikiliza kwanza sauti za th, dh na gh. Mtu asemaye "selasini" hatabadilisha ulimi kwa ajili ya mwanao. Binti yangu anaitwa Thuwaiba, jina la mwanamke aliyepata kumnyonyesha Mtume, na hadi leo ni Suwaiba kwa wengine na Zuwaiba kwa wengine. Sikiliza pia miisho na konsonanti zilizofuatana, kwa sababu Kiswahili hupenda kuzipa irabu: Rajab huwa Rajabu, Hamid huwa Hamidi, naye Dhulkifl huwa Zulukifuli kabla hajaanza kutambaa. Jina la Kizungu lina tatizo jingine. Siobhan la Ireland hutamkwa takriban "Shivoni", lakini msomaji wetu, aliyezoea kusoma herufi kama zilivyo, atasema "Siobani", wala kosa si lake. Kwa maoni yangu, andika jina linavyotamkwa, isipokuwa kama mtoto ana ndugu huko ambao nyaraka zao zitalinganishwa na zake.

Kitu nilichokisahau mimi ni kifupisho. Watoto wenzake walichukua mkia wa Thuwaiba wakamwita "Iba", tukawa tunasikia barazani amri ya wizi jioni nzima. Likate jina lako mbele na nyuma uone kinachobaki, kisha uchague mwenyewe jina la nyumbani mapema.

Unapokwenda kusajili, na ni vyema iwe ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe, usilitaje jina kwa mdomo tu; mkabidhi mhudumu karatasi yenye herufi kubwa. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kisome herufi kwa herufi kabla hujaondoka, kwa maana h moja ikidondoka, mwanao atakuwa Tuwaiba mpaka kwenye cheti cha mtihani, na kurekebisha baadaye kunataka viapo na nenda rudi nyingi.

Mwisho, mfundishe mtoto kulisahihisha jina lake kwa adabu. Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliita "Zuwaiba" mara mbili, binti yangu akanyamaza kwa kuwa hakujua ni yeye, akaandikiwa hayupo ilhali ameketi dawati la mbele. Jioni ile tulifanya mazoezi sebuleni: "Samahani mwalimu, naitwa Thuwaiba, th ya thelathini." Tulikubaliana kwamba sentensi hiyo ni ya shuleni, zahanati na popote panapoandikwa. Bibi yake, ambaye hana tena meno ya mbele ya kuitamkia th, humwita Suwaiba, naye huitika "Abee, bibi" na kwenda.