Somo: Kusoma Karata Mbili za Taroti kwa Pamoja

Wengi wanaojifunza taroti, yaani karata za picha zinazosomwa ili kutafuta ushauri, hapa Kisumu hukariri maana za karata zote 78. Zinapolazwa mbili mezani, hueleza ya kwanza, hueleza ya pili, kisha humwachia aliyeuliza kazi ya kuziunganisha. Huko si kusoma jozi. Karata mbili husomwa kama sentensi moja, na swali ndilo linaloamua sentensi hiyo inamhusu nani na inahusu nini. Nitatumia seti iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite na kuchapishwa London mwaka 1909, kwa sababu hata karata zake ndogo, yaani zile za makundi manne ya Fimbo, Vikombe, Panga na Sarafu, zina picha kamili za watu na mahali, na jozi husomwa kwa picha kuliko kwa kitu kingine chochote.

Hatua ya kwanza: nyoosha swali. Tuchukue mfano wa mama anayeuza mitumba katika soko la Kibuye, ambaye anafikiria kukopa kwenye chama cha akiba ili afungue kibanda cha pili. Akiuliza, "Je, nitafanikiwa?", jozi yoyote itamjibu chochote. Msaidie aulize, "Nitazame jambo gani kabla ya kukopa?"

Hatua ya pili: zipe nafasi kazi zake kabla ya kufunua karata. Hapa ya kushoto itakuwa hali ilivyo sasa, na ya kulia itakuwa kile kinachoikabili hali hiyo. Anayepanga baada ya kuona karata huishia kupanga kwa kufuata anachotamani kusema.

Hatua ya tatu, ambayo naomba uipe muda mrefu kuliko nyingine zote: tazama picha mbili kana kwamba ni mchoro mmoja. Tuseme kushoto imetoka Mbili ya Sarafu na kulia umetoka Mwezi. Katika ya kwanza kijana anachezesha sarafu mbili zilizozungushiwa utepe wenye umbo la nane iliyolala, na nyuma yake meli zinapanda na kushuka juu ya mawimbi makubwa. Aliyewahi kusimama Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, upepo ukichafua ziwa anaijua hali hiyo. Katika ya pili, njia nyembamba inatoka kwenye dimbwi, inapita kati ya mbwa na mbwamwitu, kisha kati ya minara miwili, na mwanga uliopo ni wa mwezi tu. Maji yamo katika picha zote mbili, kwa hiyo yanatuunganishia: fedha za mama huyu tayari zinayumba, na anakoelekea hakuonekani vizuri. Geuza mpangilio, Mwezi utangulie, nawe utasoma kwamba kutokujua hesabu ndiko kunakomlazimisha kuhamisha fedha huku na kule. Karata ni zilezile, lakini ushauri umebadilika.

Hatua ya nne: pima asili za karata hizo. Katika mafundisho ya Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888, ambacho Waite na Smith walikuwa wanachama wake, Fimbo ni moto, Vikombe ni maji, Panga ni hewa na Sarafu ni ardhi. Moto na hewa husaidiana, maji na ardhi vilevile. Moto na maji hudhoofishana, kama hewa na ardhi. Mwezi huhesabiwa kuwa wa maji, hivyo unapatana na Sarafu. Hata hivyo, usidhani kupatana huko ni habari njema, kwani maana yake ni kwamba kila karata inaipa mwenzake nguvu, na kwa mama huyu kinachopewa nguvu ni ukungu.

Hatua ya tano ni fupi: karata kuu, ambazo ni 22, kama Mwezi, hutaja jambo lenyewe, nazo ndogo 56 huonyesha linapojitokeza katika maisha ya kila siku.

Mwisho, tamka sentensi moja. Mimi ningemwambia: "Mama, kabla ya kukopa, andika fedha za kibanda cha kwanza mbali na za nyumbani, kwa sababu sasa hujui kipi kinakulisha na kipi unakilisha."

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Mwanachama wa Nakuru: Mwalimu, mtu aliyechorwa akitazama upande fulani, hilo lina uzito?

Lina uzito mkubwa. Katika Tano ya Vikombe, mtu mwenye joho jeusi anatazama kushoto, kwenye vikombe vitatu vilivyomwagika. Moja ya Sarafu, ambayo husomwa kama fursa mpya, ikilala kulia kwa karata hiyo, fursa ipo lakini ameipa mgongo. Ikilala kushoto, inakaa mbele ya macho yake.

Mwanachama wa Kakamega: Nikipata Kumi ya Panga pamoja na Jua, nitoe ya tatu ili iamue?

Usitoe, dada yangu. Karata zinazopingana zina mengi ya kusema. Katika Kumi ya Panga mtu amelala chini akiwa na panga mgongoni na anga ni jeusi, lakini kwenye upeo kuna mstari wa manjano. Likifuata Jua, manjano hayo yanakuwa jua kubwa linalotawala picha: jambo limekwisha kabisa, na kwa sababu limekwisha, mtu anaweza kuanza upya. Jua likitangulia, tafuta furaha ambayo mwenyewe hataki kukiri kwamba imefika mwisho.

Mwanachama wa Bungoma: Mzee mmoja aliniuliza kuhusu ugonjwa wake, zikatoka Mauti na Nne ya Panga. Nilinyamaza. Nilipaswa kusema nini?

Ulifanya vyema kutomtia hofu. Mauti husomwa kama mwisho wa hali fulani, na Nne ya Panga kama mapumziko, lakini ugonjwa haupimwi kwa karata. Rudi kwa mzee, mwambie hivyo waziwazi, na ikiwezekana umsindikize hospitalini.