Somo: Kumpiga picha mjusi wa buluu wa Kimboza

Wadau, mliomba somo la viumbe wadogo. Nimemchagua mjusi wa buluu, Lygodactylus williamsi, ambaye porini hupatikana Morogoro tu: msitu wa Kimboza na vipande vichache vya jirani, chini ya milima ya Uluguru.

1. Kibali kwanza. Msitu uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ongea na ofisi yao, uingie na mlinzi.

2. Tafuta mkadi (mti wa jamii ya Pandanus), mjusi utamkuta humo. Kwenye majani yake marefu yenye miiba ndiko anakoota jua, anakowinda wadudu, na jike anakogandisha mayai. Mkadi mkubwa huwa na dume mmoja mwenye mji, pamoja na majike na watoto. Jua la asubuhi likishafika kwenye majani, simama hatua tatu nne ukae kimya. Akikimbilia ndani, usihamie mti mwingine. Subiri tu, atatoka; mji wake ni huo.

3. Lenzi ya makro ya milimita 90 au 100, kasi ya shata 1/250 ya sekunde kwenda juu, fokasi kwenye jicho. Punguza mwangaza kidogo, maana buluu ile juani huungua kwenye picha, ikatoka nyeupe. Flashi iache nyumbani.

4. Akitikisa kichwa na kuvimbisha koo lake jeusi, anakuonya. Rangi ikififia ikawa ya giza, rudi nyuma.

MASWALI

Mkuu, wangu ni wa kijani. Ndiye?
Huenda ni jike, au dume ambaye hajapata mti wake. Watu huwapita wakifukuzia buluu, wakati jike kando ya mayai ni picha adimu zaidi.

Simu itafaa?
Kwa mkadi mzima na mjusi wake ndani, itafaa sana.

Nikivuta jani kidogo ajitokeze?
Hapana, ndugu yangu. Waliokuwa wakiwakamata kwa ajili ya soko la wanyama wa kufuga ng'ambo walikuwa wakiikata mikadi yenyewe ili wawafikie. Mwaka 2017 mjusi huyu akaingizwa Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Jani liache lilivyo.

Mkadi huu ndio wa kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia?
Dada, ni jamii moja, ila huu ni wa msituni.

Nikirusha picha nitaje mahali?
Taja Kimboza, inajulikana. Lakini zima GPS, mti wenyewe usionekane kwenye ramani.