Somo: Uvimbe wa ute kwenye kidole tumbo, kuanzia meza ya kukatia hadi ripoti

Kidole tumbo kikifika maabara kimetuna na kujaa ute, usikimbilie kuandika "mukosele" (kidole tumbo kilichovimba kwa ute). Neno hilo linaeleza umbo tu. Mgonjwa anahitaji kujua mambo mawili: ute umefika wapi, na je, una seli ndani yake?

Hatua ya 1: Kagua nje kabla ya kushika kisu. Pima, piga picha, tafuta tundu na ute juu ya serosa (utando wa nje wa kidole tumbo), kisha paka wino kuonyesha uso wa nje. Ukitanguliza kukata, kisu kitaburuta ute hadi nje, na baadaye hakuna atakayejua ulitokaje.

Hatua ya 2: Chakata kidole tumbo chote, yaani kila kipande kiandaliwe kwa hadubini. Hapa sikubali kupunguziwa: tundu lenyewe laweza kuwa katika kipande kimoja tu.

Hatua ya 3: Hadubini. Katika uvimbe wa daraja la chini (LAMN), seli ni ndefu, zimejaa ute, viini vyake havijavurugika sana. Lamina propria (tishu laini iliyo chini tu ya seli za ndani) imetoweka, na chini yake kuna kovu. Uvimbe unausukuma ukuta kwa upana bila kuuchimba. Ukisukuma vivyo hivyo lakini viini vimevurugika vibaya, ni HAMN, yaani uvimbe wa daraja la juu. Tezi zikichimba ovyo, au seli mojamoja zikipenya kwenye tishu, hiyo ni adenokasinoma, saratani ya tezi.

Hatua ya 4: Kwa toleo la 8 la AJCC (mfumo wa kupanga hatua za saratani, ambamo T ni kina cha uvimbe na M ni kusambaa kwake), LAMN iliyoishia ndani ya safu ya misuli ni Tis; T1 na T2 hazitumiki. Ikifika subserosa (tishu iliyo chini ya serosa) ni T3, ikitokeza kwenye serosa ni T4a, hata kama ni ute mtupu.

Maswali ya wanachama

*Dokta, ute wa tumboni hauna seli. Niandikeje?*
Chakata ute zaidi kwanza. Usipopata seli, ni M1a, alama ya ute uliosambaa tumboni bila seli. Iseme wazi ripotini, kwani hatari ya ugonjwa kurudi ni ndogo kuliko ute wenye seli.

*Divertikula (kifuko kilichotuna kwenye ukuta wa kidole tumbo) iliyopasuka nayo humwaga ute. Nitaitofautishaje?*
Tazama lamina propria na tezi za kawaida. Kwenye divertikula kwa kawaida bado zipo.

*Ovari zote mbili zina uvimbe wa ute na tumbo limejaa ute. Je, chanzo ni ovari?*
Mara nyingi chanzo ni kidole tumbo, hata kikionekana kizima kwa macho. Mwombe mpasuaji akitoe. Ukipima protini za seli kwa rangi maalumu, CK20, CDX2 na SATB2 zikiwaka (zikiwa chanya) huku CK7 ikiwa hasi, ushahidi unaelekea huko. Ila tafuta teratoma (uvimbe wenye tishu za aina mbalimbali) kwenye ovari, maana uvimbe unaoanzia humo huweza kuwaka vilevile.